Kutengeneza bodi ya sakiti nyumbani kwa karatasi ya tona na pasi

Tona ya printa ya leza si wino. Ni unga laini wa plastiki uliotiwa weusi, na printa huushikiza kwenye karatasi kwa kuuyeyusha kati ya roli za moto. Ukiupasha moto mara ya pili huku umeukandamiza juu ya shaba, unayeyuka tena na kuing'ang'ania shaba. Ukipoa unakuwa ngozi ya plastiki isiyopenywa na dawa ya kula shaba. Shaba iliyofunikwa inabaki, iliyo wazi inaliwa. Karatasi ya kuhamishia tona, ile nyembamba ya njano yenye upande mmoja unaong'aa, kazi yake ni kuibeba tona hadi kwenye shaba kisha kuiachia, kwa kuwa uso wake umepakwa utando unaoachana na tona kwa urahisi.

Tunaanza na hilo kwa sababu wengi wanaoshindwa huilaumu karatasi. Hubadilisha aina tatu nne, kumbe kosa liko kwenye shaba chafu au pasi isiyo na joto la kutosha. Karatasi nzuri hurahisisha kuachia tu. Haina uwezo wa kushikisha tona kwenye shaba yenye mafuta ya vidole.

Mfano wetu ni bodi ndogo ya kutoa volti 5, ya upande mmoja, yenye ukubwa wa mm 50 kwa 40. Umeme wa DC wa volti 9 hadi 12 unaingia, unapita dayodi 1N4007 inayozuia madhara ya kugeuza waya, kisha kapasita ya mikrofaradi 470 ya volti 25, halafu 7805, kifaa cha miguu mitatu kinachoushusha umeme na kuutuliza kwenye volti 5. Upande wa kutokea kuna kapasita ya mikrofaradi 10, na kapasita ya nanofaradi 100 kila upande wa 7805, karibu kabisa na miguu yake. Taa ndogo ya LED yenye resista ya omu 470 inaonyesha kuwa umeme upo. Ni bodi nzuri ya kujifunzia: vifaa ni vichache, njia zake, yaani mistari ya shaba inayopitisha umeme, ni pana, na ukimaliza una kitu utakachokitumia kila siku mezani. Usianze na bodi inayobeba umeme wa ukutani wa volti 230. Bodi ya nyumbani haina rangi ya kinga juu ya shaba, na umbali kati ya njia unaotosha kwa volti 12 ni hatari kwa volti 230.

Vitu vya kutafuta

Bodi tupu yenye shaba upande mmoja, unene wa mm 1.6, huuzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, kama yale ya Kariakoo kwa Dar es Salaam au Luthuli Avenue kwa Nairobi. Zipo aina mbili. Ya kahawia ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi ngumu: bei nafuu, hutobolewa kirahisi, lakini huvimba na kuachia shaba ikipashwa moto sana. Ya kijani au njano hafifu inayopitisha mwanga ni nyuzi za kioo, inayojulikana kama FR4. Kwa kazi ya pasi chukua FR4 ukiipata, kwa sababu inavumilia joto. Shaba ya kawaida ina unene wa mikroni 35, na vipimo vyote vya hapa vinategemea unene huo.

Mengine ni pasi ya umeme, sabuni ya kuoshea vyombo, sufi ya chuma ya kusugulia sufuria (ile isiyotiwa sabuni) au msasa laini namba 600 hadi 1000, asetoni au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, spiriti, kalamu ya maka isiyofutika kwa maji, kopo pana la plastiki, glavu za mpira, miwani ya kinga, na feriki kloraidi, ambayo ndiyo dawa ya kula shaba. Keekee ndogo ya umeme na misumari yake ya mm 0.8, 1.0 na 1.3 itahitajika mwishoni.

Printa lazima iwe ya leza. Printa ya wino wa maji haifai hata kidogo, maana wino wake hauna plastiki. Usipokuwa na printa, nenda steshenari. Mashine ya fotokopi nayo hutumia tona, hivyo unaweza kuchapa mchoro kwenye karatasi ya kawaida na kuunakili kwenye karatasi ya njano. Mwenye mashine aambiwe kwanza, umwonyeshe karatasi yenyewe, kwa sababu ikikwama ndani ni yeye atakayehangaika nayo. Fotokopi nyingine hubadilisha ukubwa kwa asilimia moja au mbili bila kukuambia. Pima kwa rula kabla ya kukubali.

Karatasi ya njano ikikosekana, ukurasa wa jarida uliopakwa mng'ao hufanya kazi, ila kuutoa ni kazi ya kidole gumba na subira. Karatasi ya picha ya printa za wino inaweza kufaa pia, lakini zipo zenye utando wa plastiki unaoyeyuka na kugandia roli za printa. Hatushauri kuijaribu kwenye printa ya mtu mwingine.

Mchoro

Programu ya kuchorea bodi iitwayo KiCad ni ya bure na inatosha kabisa. Weka upana wa njia usiopungua mm 0.5 na nafasi kati yake mm 0.4. Mkono ukizoea utafika mm 0.3 kwa 0.3, na hapo pasi imefika mwisho wake kwa matokeo ya kutegemea. Kwa bodi yetu, njia za umeme mkuu ziwe mm 1.5 hadi 2. Njia ya mm 1 ya shaba hii hubeba takriban ampia 2 bila kupata joto la kutisha, na 7805 hutoa hadi ampia 1, kwa hiyo hapo una akiba nzuri.

Viduara vya shaba vya kulehemu miguu ya vifaa vifanye vikubwa kuliko programu inavyopendekeza: kipenyo cha mm 2 kwa resista na kapasita, mm 2.5 kwa viunganishi vya skrubu. Miguu ya 7805 imeachana mm 2.54, kwa hiyo pale tumia umbo la yai, mm 1.7 kwa 2.5, ili viduara jirani visigusane. Unapochapa, chagua alama ndogo ya tundu badala ya tundu la ukubwa halisi. Alama hiyo huacha kashimo kadogo katikati ya kiduara, na msumari wa keekee utakaa hapo wenyewe bila kuteleza.

Nafasi tupu ijaze shaba iliyounganishwa na hasi. Dawa itakuwa na shaba chache ya kula, itadumu zaidi, na sakiti itakuwa tulivu zaidi.

Sasa kugeuza, mahali ambapo bodi nyingi huharibika kabla hata pasi haijawashwa. Vifaa hukaa juu ya bodi, na shaba yetu iko chini. Kioo cha kompyuta kinakuonyesha shaba hiyo ya chini kana kwamba unaitazama kutokea juu, ukipenya bodi kwa macho. Kwa hiyo safu ya chini huchapwa bila kugeuzwa, na safu ya juu ndiyo hugeuzwa. Usikariri hilo. Andika neno fupi kwenye safu ya shaba, mfano 5V. Kwenye karatasi iliyochapwa lazima lisomeke kinyume, kama maandishi kwenye kioo cha kujitazamia. Likihamia kwenye shaba litasomeka sawa. Kwa 7805 kosa hili lingesameheka, kwa kuwa hasi iko katikati na ukiigeuza mgongo miguu inaangukia mahali pake. IC (kifaa chenye sakiti nzima ndani yake) yenye miguu safu mbili haina msamaha huo.

Kabla ya kugusa karatasi ya njano, chapa kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wa asilimia 100, iweke juu ya kipande cha boksi, na uchomeke miguu ya vifaa halisi. Kama kiunganishi hakiingii hapa, hakitaingia kwenye shaba.

Kuchapa

Zima chaguo la kubana tona, pandisha weusi hadi juu kabisa, chagua nukta 600 au 1200 kwa inchi. Tona nyingi ndiyo ngozi nene.

Karatasi ya njano ni nyepesi na hupenda kukwama. Namna ya kuizuia, na ya kuiokoa isiishe upesi, ni hii: chapa mchoro kwenye karatasi ya kawaida ya A4, uone umeangukia wapi. Kata kipande cha njano kinachozidi mchoro kwa sentimita 1 kila upande, kibandike juu ya mchoro huo, upande unaong'aa ukitazama juu, kwa kipande cha lebo ya karatasi kwenye ukingo unaotangulia kuingia printa tu. Selotepu ya kawaida ya plastiki usiitumie, huyeyuka ndani. Kisha rudisha karatasi hiyohiyo kwenye printa, upande uleule, uchape tena. Tangu hapo usiguse uso uliochapwa. Tona hapo imekaa juu juu tu, na kucha moja inatosha kuikwangua.

Kuandaa shaba

Kata bodi ikiwa kubwa kuliko mchoro kwa mm 3 hadi 5 kila upande. Msumeno wa chuma huacha ukingo wa shaba uliochomoza, mdogo kiasi kwamba jicho halioni lakini kidole kikipita kinaukuta. Ukingo huo hunyanyua pasi, na tona ya pembezoni haipati mkandamizo. Tumia tupa uuondoe kwenye pande zote nne mpaka kidole kipite bila kukwama.

Sugua shaba kwa sufi ya chuma na sabuni, kwa mizunguko midogo, mpaka yote iwe na rangi moja ya waridi iliyofifia. Isiwe kama kioo: tona hushikilia kwenye mikwaruzo midogo. Suuza, kisha tazama maji. Yakitandaa kama shuka moja juu ya shaba yote, umemaliza. Yakijikusanya matone sehemu fulani, pale kuna mafuta, rudia. Kausha kwa karatasi safi ya jikoni, futa mara moja kwa asetoni au spiriti, na kuanzia hapo ishike bodi kwa kingo. Shaba iliyokwisha kusafishwa isilale. Hewa huanza kuifanyia kutu mara moja, kwa hiyo piga pasi ndani ya nusu saa.

Pasi

Mwaga maji yote yaliyomo kwenye pasi ya mvuke. Weka joto la pamba, ambalo kwenye pasi nyingi ni nukta tatu, na isubiri ipate moto kamili. Pasi ya mkaa hatuishauri: joto lake halina kipimo, na tofauti ya nyuzi 20 ndiyo tofauti ya bodi nzuri na bodi ya kutupwa.

Chini ya bodi weka ubao wa mbao. Juu ya vigae, saruji au chuma joto lote litakimbilia chini. Laza pasi juu ya shaba tupu kwa sekunde 30 hadi 40 ipate moto kwanza. Halafu iweke karatasi, tona ikitazama shaba, kwa mkono usiositasita. Ikigusa shaba ya moto inanata palepale, na ukiisogeza baada ya hapo utapata njia mbili mbili. Funika kwa karatasi moja ya kawaida ili pasi isiivute.

Sasa kandamiza. Sekunde 30 za mwanzo pasi itulie, uzito wa mabega ukiwa juu yake. Kisha anza kuisogeza polepole, kwa sababu matundu ya mvuke chini ya pasi hayakandamizi kitu, na mahali yaliposimama tona haitashika. Dakika 2 nyingine pitia kingo na pembe kwa ncha ya pasi, milimita kwa milimita. Kwa bodi ya mm 50 kwa 40, jumla ni dakika 3 hadi 4. Kwa ya mm 100 kwa 100, 5 hadi 6. Kwenye karatasi ya jarida kuna dalili: mistari huanza kujichora kwa nyuma, kama mishipa chini ya ngozi, na ikionekana yote kwa usawa, joto limefika.

Mashine ya kulamineti vitambulisho hutoa mkandamizo ulio sawa kuliko mkono wowote. Tatizo ni kwamba nyingi hazikubali unene wa mm 1.6, na joto lake hulenga plastiki ya vitambulisho. Ukiwa na bodi ya mm 0.8 na mashine inayopata moto vizuri, ipitishe mara 8 hadi 10 mfululizo.

Kuitoa karatasi kunahitaji uvumilivu wa dakika chache. Ukiibandua ya moto, tona bado laini, nusu inabaki kwenye karatasi na nusu kwenye shaba. Iache bodi ipoe mpaka uweze kuishika kwenye kiganja bila shida, ndipo uitumbukize kwenye maji baridi. Karatasi ya njano itaanza kujiachia yenyewe pembeni. Ivute pole, ikijikunja kuelekea nyuma. Ya jarida iloweke dakika 15 hadi 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha isugue kwa kidole gumba, tabaka baada ya tabaka. Mwishoni tumia mswaki laini kutoa nyuzi nyeupe zilizobaki kati ya njia. Nyuzi hizo zikikauka huonekana kama vumbi jeupe, na kila mahali zilipo shaba haitaliwa vizuri.

Kuisoma bodi kabla ya dawa

Hapa ndipo pa kutulia. Chukua kioo cha kukuzia au kamera ya simu, mwanga uwe wa pembeni, na pitia kila njia. Bodi iliyotoka kwenye pasi inakueleza kosa lako bila kuficha.

Tona ikikosekana pembezoni tu, ni ule ukingo wa msumeno. Ikikosekana kwenye duara dogo dogo zilizojipanga, ni matundu ya pasi. Ikikosekana kwenye kipande kimoja kikubwa ambacho karatasi imebaki na weusi wake wote, hapo pasi haikufikisha joto, au kulikuwa na mafuta. Utayatofautisha hivi: palipokosa joto, hata tona iliyoshika huko jirani inakwanguka kwa ukucha, palipokuwa na mafuta, jirani imeshika kama msumari na mpaka wa doa una umbo la kidole.

Njia zikinenepa na zile za karibu kuungana, umezidisha joto na uzito kwa pamoja. Punguza dakika, usipunguze usafi. Njia zikiwa na kivuli upande mmoja, karatasi ilisogea. Sehemu pana za shaba ya hasi zikiwa na vitundu vidogo kama vya chekecheke, kosa si la pasi. Printa nyingi hutandaza tona nyembamba katikati ya weusi mpana. Paka maka juu yake mara mbili, ukiacha ikauke kati ya mara moja na nyingine. Rangi ya kucha ni imara zaidi kwa njia nyembamba iliyokatika, ipakwe kwa ncha ya kijiti cha meno.

Njia mbili zikigusana, tenganisha kwa ncha ya wembe ukikwangua tona tu.

Kanuni yetu ni hii: madoa manne matano yarekebishwe kwa mkono, zaidi ya hapo, au njia zikiwa zimenenepa, futa yote kwa asetoni, safisha upya, uanze tena. Umepoteza kipande cha karatasi na dakika kumi. Anayeipeleka bodi mbovu kwenye dawa kwa matumaini hupoteza shaba, na shaba haina kurudi.

Kuila shaba

Feriki kloraidi ya madonge, gramu 500 kwa lita moja ya maji, ni mchanganyiko wa kawaida. Maji yatangulie chomboni, madonge yafuate kidogo kidogo, kwa sababu mchanganyiko hupata moto, hasa ukiwa na unga mkavu kabisa. Bodi yetu nzima ina shaba isiyofika gramu 1, kwa hiyo mililita 150 kwenye kopo pana la plastiki zinatosha bodi kadhaa.

Chombo kiwe cha plastiki au kioo. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na dawa hii huila alumini kwa kasi, ikichemka na kutoa gesi inayoshika moto. Vaa glavu, miwani, na nguo usiyoijali. Doa lake la kahawia kwenye nguo, sakafu au sinki halitoki.

Ipashe dawa joto kwa kuliketisha kopo ndani ya beseni la maji ya moto mpaka ifike nyuzijoto 40 hadi 45. Ikiwa baridi itafanya kazi saa nzima, na muda wote huo inakula pia kando, chini ya tona, ikizinyofoa njia nyembamba. Ya joto na iliyo mpya humaliza kwa dakika 10 hadi 20.

Tumbukiza bodi kwa sekunde 20, itoe, itazame. Shaba iliyo wazi inapaswa kuwa imebadilika yote, imekuwa ya waridi isiyong'aa. Kipande kinachobaki kinameremeta kina utando wa karatasi au mafuta: suuza bodi, sugua pale kwa sifongo laini na sabuni, urudishe. Ukaguzi huo wa sekunde 20 huokoa bodi nyingi, maana ukiuacha utagundua kasoro wakati sehemu nyingine zimeshaanza kuliwa kwa kando.

Baada ya hapo tikisa kopo taratibu, kama anayepepeta, bila kusimama. Uchafu wa shaba iliyoyeyuka hutulia juu ya bodi na kuizuia dawa mpya isifike, kwa hiyo wengine huielekeza shaba chini ili uchafu udondoke wenyewe. Kingo huisha kwanza, katikati mwisho. Kwa kuwa FR4 hupitisha mwanga, mulika tochi ya simu kwa nyuma. Vipande vilivyobaki vitaonekana vyeusi. Kikipotea cha mwisho, toa bodi mara moja. Dakika za nyongeza ni za kupoteza upana wa njia.

Wapo wanaouliza kama maji ya betri ya gari yanafaa. Hayafai. Ile ni asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, na peke yake haili shaba. Asidi ya hidrokloriki pamoja na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa hufanya kazi, vipimo viwili vya peroksaidi kwa kimoja cha asidi, asidi ikimiminwa ndani ya peroksaidi. Inakula haraka, lakini hutoa mvuke wa klorini unaochoma koo na kutia kutu kila chuma kilicho karibu. Ni kazi ya nje ya nyumba penye upepo, na mchanganyiko huo usifungiwe kwenye chupa kamwe; gesi yake hupasua chupa. Kwa anayeanza, feriki kloraidi.

Kutoboa na kulehemu

Suuza bodi kwa maji mengi ndani ya ndoo, siyo kwenye sinki, na yale maji yabaki ndooni. Iache tona mahali pake mpaka umalize kutoboa: inalinda shaba na kuonyesha vishimo vizuri. Tundu la mm 0.8 ni la resista na kapasita ndogo, mm 1.0 la 1N4007 na 7805, mm 1.3 la viunganishi. Nyuzi za kioo hulifanya butu jino la msumari wa chuma cha kawaida baada ya matundu machache. Msumari wa kabaidi hudumu, lakini ukishika keekee kwa mkono bila stendi utavunjika kwa kuinama kidogo tu. Vaa barakoa. Vumbi la kioo halifai mapafuni.

Futa tona kwa asetoni, sugua kidogo kwa sufi ya chuma, na paka palepale ulimbo wa kulehemia ulioyeyushwa kwenye spiriti. Huzuia kutu na husaidia lehemu kutiririka. Kabla ya kuweka kifaa, pima kwa multimita (kipima umeme) ikiwa kwenye mlio: hasi isiunganike na njia ya kuingilia wala ya kutokea, na kila njia itoe mlio kutoka mwanzo hadi mwisho. Ufa mwembamba kama unywele hauonekani kwa jicho lakini multimita inaukamata. Ufunike kwa kipande cha waya wa shaba kilicholehemewa juu yake.

Lehemu vifaa vifupi kwanza, virefu baadaye, joto nyuzi 320 hadi 350, sekunde 2 hadi 3 kwa kila mguu. Ukizidisha, kiduara cha shaba kitabanduka kutoka kwenye bodi, kwa kuwa bodi hii haina mrija wa shaba ndani ya tundu wa kukishikilia. Ukiwasha volti 9, kwenye kutokea usome kati ya 4.8 na 5.2. Ukitumia volti 12 na kuvuta nusu ampia, 7805 itakuwa inatupa karibu wati 3 za joto, kwa hiyo ifungiwe kipande cha alumini cha kupoozea.

Dawa iliyochoka

Dawa iliyofanya kazi hubadilika kutoka kahawia ya chai ya rangi kuelekea kijani kizito, na ikifika dakika 40 bila kumaliza bodi ndogo huku ina joto, imekwisha. Ndani yake kuna shaba iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa samaki na viumbe vya majini. Usiimwage chooni, kwenye mtaro wala karibu na kisima, na maji ya kwanza ya kusuuzia yahesabu kama dawa.

Mimina vyote kwenye ndoo ya plastiki ambayo vimejaza robo tu, kwa sababu itatoa povu. Yeyusha magadi kwenye maji, yale yale ya kupikia maharage yanayochimbwa Ziwa Magadi, na ongeza kidogo kidogo ukikoroga kwa mti, mpaka povu likome. Shaba na chuma vitaganda kuwa tope. Acha usiku kucha litulie, chuja kwa kitambaa, kausha tope, lichanganye na saruji na maji kidogo lifanyike tofali dogo, na tofali hilo liende na taka ngumu.

Dawa iliyo bado nzima irudi kwenye chupa ya plastiki nene yenye kizibo cha plastiki, iandikwe SUMU kwa maka pande zote mbili, na ikae juu pasipofikiwa na mtoto. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa usiitumie hata kwa usiku mmoja: rangi yake ndani ya chupa hiyo ni ileile ya soda.